Gramu Sita na Nyongeza

Katika nyumba yetu ya Kinyerezi kuna vijiko vya chai kumi na tisa, na kwa ukubwa viko vya aina saba. Najua kwa sababu nimevipima. Jumamosi moja asubuhi nilivipanga vyote juu ya meza ya chakula, nikachukua bomba la sindano jipya, lisilo na sindano, nikawa navijaza maji kimoja kimoja huku nikiandika. Kilicho kidogo kuliko vyote kilichukua mililita tatu. Kikubwa kuliko vyote, ambacho mama alipewa na walimu wenzake siku aliyostaafu, kilichukua sita. Yaani ndani ya droo moja, kijiko kimoja cha chai ni mara mbili ya kijiko kingine cha chai, na miaka yote hiyo tulikuwa tunakunywa chai kama watu wenye akili timamu.

Mama alinikuta hapohapo.

"Unafanya nini?"

"Napima vijiko."

Alivitazama vijiko, akanitazama mimi, kisha akachukua kile cha mililita sita, akachotea sukari kwenye kikombe chake, mara mbili, akaenda zake sebuleni. Kwa mama kijiko ni kijiko.

Sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imelala chini ya meza, mkia umezunguka miguu, ikisubiri kula.

Paka ni wa mama. Aliingia uani kwetu siku ya mvua, miaka sita iliyopita, akiwa mdogo wa kutosha kukaa ndani ya sufuria ya maziwa, na mama akamkausha kwa kanga. Hana jina. Mama humwita Paka, naye huitika, kwa hiyo hatukuona sababu ya kuongeza lolote. Mama alimlea kwa ugali laini uliolowekwa kwenye supu ya dagaa, asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja. Hata tulipokwenda Njombe kwenye harusi, jirani aliachiwa unga, dagaa, na maelekezo.

Halafu Paka akaanza kukosea. Alikuwa akiruka kwenda kwenye mkono wa kochi, anatua hewani, anaanguka. Alikuwa akigonga ndoo ambayo imekaa mahali palepale tangu tuhamie. Mwanzoni tulicheka. Nakiri hata nilimchukua video nikaituma kwa marafiki, wakanirudishia vikatuni vya kulia kwa kicheko. Siku alipoigonga ndoo ileile mara mbili kwa dakika moja, nikaacha kucheka, tukampeleka kwa daktari wa mifugo mwenye kliniki ndogo upande wa Tabata.

Daktari alikuwa kijana mpole, asiyependa maneno mengi. Alinyofoa kipande cha pamba, akakiinua mbele ya uso wa Paka, akakiachia. Pamba haina sauti, alieleza, kwa hiyo paka hawezi kudanganya kwa kutumia masikio. Pamba ikashuka taratibu hadi mezani. Paka aliendelea kutazama ukuta. Akaiachia tena, upande wa pili. Safari hii kichwa kiligeuka, lakini kwa kuchelewa, kama mtu aliyeitwa jina akiwa katikati ya mawazo.

"Anakula nini?" daktari aliuliza.

"Ugali na dagaa," mama alijibu, na alijibu kwa fahari. "Hajawahi kukosa."

Daktari aliweka pamba chini. Kisha akatueleza, kwa upole kabisa, kwamba paka si kama sisi. Kuna kitu kinaitwa taurini, kinapatikana kwenye nyama, paka asipokipata cha kutosha macho yake yanaharibika kidogo kidogo kutoka nyuma, na moyo nao unaweza kufuata. Ugali hauna. Maji ya dagaa yana kidogo mno.

"Atapona?" mama aliuliza.

"Kilichopotea hakirudi, mama. Kilichobaki kinaweza kubaki. Akila vizuri."

Mama alimbeba Paka mpaka nyumbani. Alipokuwa anafungua geti ndipo aliposema, si kwangu, kwa kufuli: "Miaka sita."

Ningependa kuandika kwamba nilimshika bega. Sikumshika. Nilikuwa tayari nimetoa simu natafuta neno taurini.

Kwanza tulijaribu biskuti za paka. Paka alizinusa, kisha akakwangua sakafu pande zote za bakuli, kwa makini, kama anavyofanya akimaliza haja. Tulijaribu cha kopo. Alilamba mchuzi, akaacha vipande vimepangana vizuri kama vya maonyesho. Kitu pekee alichokula kwa pupa kilikuwa nyama mbichi ya kuku iliyoanguka mama alipokuwa anakata. Nikampigia daktari.

"Inawezekana," alisema, bila furaha kubwa. "Lakini nyama peke yake haitoshi. Igandishwe vizuri kwanza, vyombo vioshwe, kuwe na ini kidogo, moyo, kitu cha badala ya mifupa, na taurini juu yake. Na usikadirie. Watu wanakadiria, halafu wanarudi kwangu. Uje baada ya miezi mitatu tuangushe pamba tena."

Usikadirie! Aliniambia hivyo mimi. Mimi ninayetengeneza kadi za harusi, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kutazama video, na niliyewahi kumpigia bwana harusi simu asubuhi ya Jumapili kumwomba radhi kwamba ua la kushoto kwenye kadi yake liko chini ya ua la kulia kwa unene wa uzi. Bwana harusi hakuwa ameliona. Baada ya simu yangu aliliona, na bibi harusi pia. Mtu wa namna hii ukimwambia usikadirie, umemwashia moto na kumpa petroli.

Nilisoma wiki mbili. Nilijaza nusu daftari. Mwishowe nikapata maelekezo niliyoyaamini, daktari akayapitia na kusahihisha mawili matatu: kwa kila kilo ya nyama, ambayo ni chakula cha Paka cha wiki nzima, gramu mbili za taurini na gramu sita za unga wa maganda ya mayai, ambao ndio unashika nafasi ya mifupa.

Maganda nilipewa na kaka anayekaanga chipsi mayai karibu na kituo. Nilimwomba asitupe.

"Unataka mangapi, sista?"

"Yote."

"Unamroga nani?"

Nikayachemsha, nikayakausha, nikayasaga kwenye blenda mpaka jirani akauliza kama tunachimba kisima, nikayachekecha mara tatu. Taurini niliipata Kinondoni, kwenye duka la virutubisho vya watu wa mazoezi. Muuzaji, mwenye mikono kama mapaja yangu, alinitazama juu hadi chini akaniuliza nanyanyua kilo ngapi. Nikamwambia nne, akiwa ameshiba.

Kilichobaki kilikuwa kupima. Vijiko, kama nilivyosema, nilishavipima, vikashindwa mtihani. Nikaja kwenye mizani ya jikoni. Niliweka karatasi, nikairudisha sifuri, nikaanza kunyunyiza taurini polepole. Sifuri. Nikaongeza. Sifuri. Nikaongeza tena kidogo sana. Tatu. Mizani ile ilikuwa kama mzee aliyesinzia kanisani: humsikii kabisa, halafu ghafla anasema amina kwa nguvu. Nikaifungia kabatini.

Mizani niliyoihitaji niliikuta Kinondoni, hatua chache kutoka lile duka la watu wa mazoezi. Lilikuwa duka la udi, ubani na viungo, na nyuma ya kaunta, ndani ya kasha la kioo, palikuwa na mizani ndogo ya kupimia zafarani, yenye tarakimu mbili baada ya nukta. Nilisimama mlangoni naitazama jinsi watu wengine wanavyotazama keki.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiarabu mwenye kofia nyeupe na miwani iliyofungwa uzi. Familia yake, aliniambia baadaye, imeuza udi hapo tangu barabara ikiwa vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Zafarani?"

"Hapana. Naomba kupimiwa." Nikatoa mikebe yangu miwili ya unga mweupe.

Aliishusha miwani puani. "Nini hii?"

"Hii maganda ya mayai. Hii taurini. Ya paka."

"Paka wako?"

"Wa mama."

"Aah, wa mama!" alisema, kana kwamba hilo limeondoa mashaka yote, akanisogezea kigoda. "Basi kaa."

Nilikaa, nikamsimulia habari za mama, mwalimu mstaafu, na macho ya Paka. Ilikuwa raha kumtazama akipima. Alikuwa na kijiko chembamba chenye mpini mrefu, akikigonga kwa kidole, tik, tik, unga ukidondoka kama nukta. Alipumua kando ili asiupeperushe. Tarakimu zilipanda: 5.80, 5.93, 6.00. Hapo mimi niliinamia daftari nikaandika: *maganda, kifurushi cha 1, 6.00.* Nilipoinua kichwa, karatasi ilikuwa imeshakunjwa vizuri kama zafarani. Tukafanya hivyo vifurushi vinne vya maganda na vinne vya taurini, vya mwezi mzima. Nane kati ya nane, sawasawa kabisa. Hakutaka malipo ya kupima, nikanunua hiliki kwa aibu. Kila nilipokwenda nilinunua hiliki kwa aibu, na sasa nyumbani tuna hiliki ya kutosha kuozeshea wajukuu wa mtaa mzima.

Njiani nilipatwa na wazo kwamba nimebeba kwenye mkoba vikaratasi vinane vya unga mweupe. Nikasimama pembeni nikaviandika kwa kalamu nene: CHAKULA CHA PAKA. Nikavitazama. Sasa ndivyo vilivyoonekana vya hatari.

Jumapili baada ya kanisa nilitengeneza chakula cha kwanza. Nilikata mapaja ya kuku yaliyotolewa mifupa, moyo na ini, nikafungua karatasi ya maganda na ya taurini, nikakung'uta mpaka chembe ya mwisho, nikachanganya, nikagawa kwenye vikopo saba. Mama alisimama mlangoni mikono imekunjwa.

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe pumzika tu, mama. Usiguse kitu."

Niliona ni maneno ya heshima.

Paka alikula. Alikula akiguna, kichwa ndani ya bakuli, mpaka bakuli likasafiri kutoka jikoni hadi sebuleni. Wiki ya pili manyoya yalianza kung'aa. Nikaandika. Niliandika kila kitu, pamoja na vitu ambavyo binti wa watu hapaswi kuandika: Paka alipokwenda kwenye boksi lake la mchanga, nilimfuata na daftari.

Ndiyo maana wiki ya tatu nilikuwa mtu wa kwanza kujua. Choo cha Paka kilikuwa cheupe, kikavu, kigumu. Ungeweza kukiandikia ubaoni. Siku iliyofuata hakwenda kabisa, na siku ya pili yake alikaa ndani ya boksi muda mrefu akinitazama, au akitazama mahali anapodhani nipo, kwa uso wa mtu aliyeandikiwa barua ya kufukuzwa.

Nikampigia daktari.

"Kalsiamu imezidi," alisema palepale. "Maganda mengi. Acha unga wote kwa wiki moja, mwongezee maji kwenye chakula. Atafunguka. Lakini isiendelee hivyo. Akizidi kufunga, au akiacha kula, tutamtoa kwenye mpango huu, turudi kwenye biskuti."

"Biskuti anazifukia."

"Basi pima."

"Nimepima, daktari. Sita nukta sifuri sifuri. Nimeandika."

"Basi kuna mtu anaongeza," alisema, akakata simu.

Kuna mtu anaongeza. Nyumba yetu ina watu wawili.

Naomba nieleze nilichofanya bila kukipamba. Nilikwenda sebuleni, mama akiwa anachambua mchele kwenye ungo, Paka pajani mwake, nikasema: "Mama, unamwekea Paka vitu?"

"Vitu gani?"

"Kwenye chakula. Unamwongezea maganda? Labda ulimwonea huruma?"

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Mimi nimwonee Paka huruma nimpe maganda ya mayai?"

"Sijui. Ndiyo nauliza. Maana mimi nimepima, na kuna mtu ameongeza, na tuko wawili."

"Tuko watatu," mama alisema. "Umemuuliza Paka?"

Kisha akamshusha Paka chini, akachukua ungo wake, akaenda kuchambulia uani.

Mama yangu alifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mbili, na hajui kugombana kwa kelele. Anajua adhabu. Mchana huo nilipokaa mezani, nilikuta kando ya sufuria ya wali pamewekwa mizani ya jikoni, ile niliyoifungia kabatini. Juu yake pana sahani yangu.

"Nikupimie gramu ngapi?" aliuliza, upawa mkononi.

"Mama..."

"Sema, nisije nikaongeza."

"Mia mbili," nilinong'ona.

Akapakua. Mizani ikasoma mia mbili na nne. Akatoa punje, moja moja, kwa ncha ya kijiko, mpaka ikafika mia mbili. Maharage vivyo hivyo. Jioni chai yangu ililetwa na bomba la sindano lenye maziwa, pembeni, kwenye kisosi. Hali hiyo iliendelea siku nne. Siku ya tatu Paka alifunguka, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na wa kushangilia naye.

Mwezi ulipoisha nilirudi Kinondoni. Kifurushi cha nne cha maganda kilikuwa bado kwenye mkoba, hakijafunguliwa, maana daktari alikuwa amenisimamisha. Hata siku moja sikuwaza kukipima upya. Kwa nini nipime kitu kilichopimwa?

"Paka wa mama hajambo?" mzee aliuliza.

"Hajambo, ila alifunga choo."

"Meskini! Mlainishieni kwa mafuta ya zeituni."

Akaanza kazi. Tik, tik. 5.90. 5.97. 6.00. Nikainamia daftari, nikaandika *maganda, kifurushi cha*, kalamu ikakauka. Nikaitikisa. Nikaipulizia. Nikainua kichwa kuomba ya kuazima.

Na hapo nikaona. Mzee alikuwa ameinua karatasi kutoka kwenye mizani, ameishika kiganjani, na kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia akachukua unga kutoka kwenye mkebe wangu, akaunyunyiza juu, kwa wepesi kama mtu anayetia chumvi mchuzini, akakunja.

"Mzee! Umefanya nini?"

Alishtuka akatazama nyuma yake. "Nini? Panya?"

"Umeongeza!"

"Ndiyo," alisema, akitulia. "Nyongeza."

"Unaongezaga siku zote?"

"Binti yangu, unanionaje mie? Nikupe *sawasawa*?" Alilitamka neno hilo jinsi mtu mwingine angetamka *nikuibie mkoba*.

Nilitoa kile kifurushi cha nne kwenye mkoba, nikamwomba akiweke juu ya mizani. Nilitoa na cha taurini kilichobaki. Maganda: 8.37. Taurini: 2.61. Nilikaa kwenye kigoda. Mwezi mzima nilikuwa naandika 6.00 kwa mwandiko mzuri, na kila mara nilipokuwa nimeinamisha kichwa kuandika ukweli, ukweli ulikuwa unabadilika nusu mita kutoka kwenye paji la uso wangu.

Taurini kuzidi kidogo haina neno, daktari alishaniambia. Huenda na mkojo. Lakini maganda yalikuwa yamemfunga Paka, na mimi nilikuwa nimemfungulia mama mashtaka.

"Mzee, naomba usiongeze. Ni kama dawa. Ikizidi inamdhuru."

"Nimekaa dukani hapa miaka hamsini," alisema, na sasa alikuwa ameumia kweli. "Hakuna mtu ametoka mlangoni pale na sawasawa. Marehemu baba alikuwa akinitazama mkono. Uzani wa mteja lazima uinamie kwa mteja. Je, mizani yangu ikiwa imekosea kwa chini? Siku ya hesabu nitaulizwa. Nitajibu nini? Nimempunja paka?"

"Hujampunja."

"Paka wa mwalimu mstaafu!"

"Mzee..."

"Tena ulisema haoni."

"Anaona kidogo."

"Nimempunja paka anayeona kidogo," alisema kwa sauti ya chini, akivua miwani, na niliona kwamba hatanii hata chembe.

Yeye aliitazama mizani, mimi nikamtazama yeye. Nilimjua. Sijui niseme vipi. Nilijua kabisa kinachomtokea mtu akiombwa aachie kitu anachokiona hakijakamilika. Tofauti yetu ilikuwa kwamba kwangu kukamilika ni sita, na kwake ni sita na kitu.

"Basi nyongeza nipe," nikasema. "Lakini nipe kwenye karatasi yake."

Alifikiri. "Karatasi ya pembeni."

"Ya pembeni. Umenipa, nimepokea, hujanipunja. Ila haiingii kwenye hii."

"Na utaichukua? Hutaiacha hapa kaunta?"

"Naichukua."

Uso ukamfunguka. Alinipimia upya vyote, sita na sita, mbili na mbili, nami kichwa juu muda wote, kisha kwa kila kifurushi akakunja kingine kidogo, chembamba kama ukucha, akakiweka kando yake. Akaniazima kalamu. Nikaviandika vile vidogo: NYONGEZA. USIMPE PAKA. Nilinunua hiliki.

Nilimkuta mama uani, anamwagilia mchicha wake kwenye ndoo kuukuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nisamehe. Haukuwa wewe."

"Nilijua sikuwa mimi," alisema. "Nilikuwepo."

Nikamsimulia yote, mpaka kalamu ilivyokauka, mpaka siku ya hesabu. Alijitahidi kubaki na uso wa darasa la tatu, lakini nilipofika kwenye paka aliyepunjwa, kopo la maji lilimponyoka. Alicheka akiwa ameshika ukuta. Alipomaliza alijifuta macho kwa ncha ya kanga, na alipoongea tena sauti ilikuwa nyingine.

"Unajua kwa nini nilikasirika?"

"Nilikusingizia."

"Kunisingizia mavi ya paka ni jambo dogo. Nilidhani unasema ile miaka sita."

Ninakiri hapa kitu ambacho hakimo kwenye daftari. Nilikuwa nasema ile miaka sita. Sikujua kama nasema, lakini nilikuwa nasema. Tangu siku ile kwa daktari, kila nilipomwambia apumzike tu, asiguse, nilikuwa nampima yeye, na kila siku nilikuwa namkuta amepungua. Wakati mimi nilikula mezani kwake miaka hiyohiyo sita, nilimwona akilowesha ule ugali asubuhi na jioni, na sikuwahi kufungua simu kuuliza paka hula nini.

"Hata mimi nilikuwepo," nikamwambia.

Mama aliokota kopo lake. Kisha akanyoosha mkono. "Hebu nione hizo nyongeza."

Nyongeza za maganda alizifungua palepale, moja baada ya nyingine, akazimwagia mchicha. Hakupima.

Tangu hapo Jumapili tunatengeneza wawili. Mimi nafungua karatasi, mama anachanganya, kwa sababu ana mikono yenye subira na mimi huacha mabonge. Kabla sijakung'uta unga, lazima nimsomee kilichoandikwa, naye anarudia kwa sauti, kama imla. "Maganda, sita." "Sita." "Taurini, mbili." "Mbili. Endelea." Siku moja nilitaka kupima ini kwa mara ya tatu, akanipiga kidogo mkononi kwa upawa, nikaacha. Usiku ule nililala. Mizani ya jikoni imerudi kwenye kazi zake za maandazi.

Miezi mitatu ilipotimia tulikwenda Tabata. Nilikuwa nimebeba daftari, kila kitu kimo: uzito, manyoya, choo, kwa rangi tofauti. Daktari aliliweka kando bila kulifungua. Akampapasa Paka, akamsikiliza moyo, akamweka mezani. Kisha akanyofoa pamba.

Mama alinishika kiwiko. Sikuwa na chochote cha kuandika, kwa hiyo nilitazama.

Daktari aliinua pamba upande wa kushoto, ule mbaya, akaiachia. Paka alikuwa anatazama ukuta. Pamba ilishuka, ikashuka, na nusu ya safari sikio moja likatikisika, lakini kichwa hakikugeuka. Pamba ikatua. Mama alikaza vidole kwenye kiwiko changu mpaka nikahisi kucha.

"Huku tulijua," daktari alisema polepole. "Tuone huku."

Akanyofoa nyingine, akaiinua upande wa kulia, akaiachia. Kichwa cha Paka kiligeuka palepale. Macho yakaifuata ikipita, mabega yakashuka, makalio yakatikisika mara mbili, na kabla pamba haijagusa meza, Paka aliirukia, akaidaka kwa mikono miwili, akaitia mdomoni, akaanza kutafuna.

"Hajapoteza kingine," daktari alisema. "Alichokuja nacho bado anacho."

Lakini mama hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameshainama mezani, anahangaika kumfungua Paka taya kwa vidole, machozi yanamtiririka na anafoka kama darasani:

"Toa! Toa mdomoni, wewe! Hiyo haijapimwa!"